Ugoro wa Alasiri

Kosa langu ni hili: niliondoka msibani kabla sijasukutua mdomo.

Najua mtacheka. Mtu mzima, mwenye diploma ya kilimo, anayejua kutaja magonjwa yote ya mkorosho bila kuangalia kitabu, anaogopa maji ya kusukutua! Chekeni. Na mimi nilicheka. Nilicheka njia nzima nikiwa juu ya pikipiki ya ofisi, na kofia ya marehemu nilikuwa nimeshaivua.

Jina langu Nikodemu, Mmwera, ila tangu nianze kazi ya ugani watu wananiita Bwana Shamba. Hata mke wangu Lusia akiudhika ananiita hivyo. Kabla ya kuhamishiwa Lindi nilifanya kazi kule Kikole, wilaya ya Kilwa, na huko ndiko nilikomjua Mzee Tawakali, Mmatumbi, mtani wangu. Watu wa ukoo wake na wa ukoo wangu wanataniana tangu enzi za mababu. Yeye akiniona kwa mbali anapiga kelele, "Fungeni majiko, Mmwera anakuja, atakula panya wetu wote!" Na mimi namjibu, "Wewe funga hiyo pua kwanza, bomba la moshi!" Maana Mzee Tawakali alikuwa mtu wa ugoro. Nyuma ya jiko lake, pale palipokuwa zizi la mbuzi zamani, alikuwa na shamba la tumbaku dogo kama chumba cha kulala. Akivuna anayakausha majani chini ya upenu wa paa, mkewe Bi Mwanahija anayasaga juu ya jiwe, anachanganya magadi, na ugoro unakwenda kukaa kwenye kopo la rangi ya viatu lililofutwa maandishi na vidole.

Niliwahi kumwuliza kwa nini hahamii kwenye sigara kama vijana.

"Sigara ni tumbaku iliyovalishwa suti," akaniambia. "Halafu soma pakiti. Imeandikwa inaua. Kopo langu limeandikwa nini?"

"Halijaandikwa kitu, mzee."

"Basi."

Huyo ndiye aliyefariki, na mimi nikaenda kumzika kama mtani anavyozika.

Kwetu mtani ana kazi yake msibani. Wenyewe wanalia, wewe unachekesha. Watu wakirudi kutoka makaburini, unavaa koti la marehemu, unakaa alipokuwa anakaa, unakohoa kama yeye, unadai chai kwa sauti yake, mpaka waliokuwa wanajiinamia wanashika mbavu. Mkimaliza, mwenye msiba anakuletea maji kwenye kata. Unasukutua, unatema nje ya uzio, naye anakuita kwa jina lako mwenyewe, unaitika. Hapo umemtoa marehemu kinywani, aende zake kwa amani na wewe urudi kuwa wewe. Ni kazi ya nusu dakika.

Siku hiyo nilikuwa na bahati mbaya ya kuwa hodari. Nilikaa kwenye mkeka wa Mzee Tawakali pale barazani, kofia yake kichwani, kopo lake mkononi. Nikaligonga kifuniko kwa ukucha, gonga kidogo, sikiliza, gonga tena, kama yeye. Nikajifanya nachota. Nasema nikajifanya, kwa sababu maishani mwangu sijawahi kunusa ugoro, na siku ile vidole vyangu vilikuwa vitupu. Nikaweka dole gumba puani, kushoto kwanza. Nikapiga chafya yake ile ndefu iliyokuwa inaamsha kuku: "Chaaa! Alhamdulillahi, Mola nijaalie na kesho."

Watu wakaangua kicheko. Nilipoona vile nikaongeza la kwangu. Kwa sauti yake ile nyembamba, inayoburuza mwisho wa maneno, nikaita, "Mwanahijaaa! Niwekee ugoro wangu. Kesho alasiri nakuja kuuchukua."

Mzee mmoja alilala chini kwa kicheko. Lakini mimi macho yangu hayatulii, ni ugonjwa wa kazi, ukizoea kutafuta mdudu mmoja kwenye jani utaona kila kitu. Nikamwona Bi Mwanahija mlangoni, kata ya maji mkononi, anakuja kunivua marehemu. Alikuwa amesimama katikati ya hatua. Maji kwenye kata yalikuwa yanatikisika.

Na simu yangu ikalia. Mkuu wangu wa kazi. Wageni wamefika ghala la ufuta, mnada unaanza, sampuli ziko wapi, Bwana Shamba uko wapi? Nikavua koti, nikavua kofia, nikapunga mkono. "Watani, serikali inaniita!" Nikawasha pikipiki. Nyuma yangu watu bado wanacheka.

Basi. Hilo ndilo kosa.

*

Kesho yake alasiri nilikuwa ofisini Lindi, najaza taarifa. Pua ikanianza kuwasha, ikawasha ndani kabisa karibu na macho. Nikapiga chafya. Haikuwa chafya yangu. Mimi napiga mbili fupi kama mbuzi. Hii ilikuwa moja, ndefu, na mkia wake ukatoka wenyewe: "Alhamdulillahi, Mola nijaalie na kesho."

Mwenzangu wa meza ya pili akainua kichwa. "Umesilimu lini, Nikodemu?"

Tukacheka. Nikasema ulimi umezoea. Keshokutwa yake, alasiri, tena. Na siku iliyofuata. Haikuwa asubuhi, haikuwa usiku. Jua likiwa kali, watu wakiwa macho, adhana ya alasiri ikiisha tu, pua inawasha.

Jumamosi ikanikuta kwenye sala ya jumuiya, nyumbani kwa Mama Rosemary. Katekista Klementi anasoma somo, watu wametulia. Nikaibana pua. Nikauma shati. Ikatoka vilevile, na kwa sauti nyembamba ya kuburuza. Katekista akanyamaza. Mama Rosemary akasema polepole, "Amina," maana hakujua aseme nini kingine.

Tulipofika nyumbani Mitwero, mtaa wetu hapa Lindi, Lusia akanishika mkono, akanusa dole gumba langu.

"Unanusa ugoro, Bwana Shamba?"

"Sijawahi. Na wewe unajua sijawahi."

"Basi kidole kimeanza chenyewe."

Nikakitazama. Ukucha ulikuwa na rangi ya kahawia, kama wa mtu aliyechota kwa miaka. Nikausugua kwa sabuni ya kufulia, nikausugua kwa mchanga. Nikajiambia ni maji ya korosho, nilikagua korosho wiki ile. Lakini maji ya korosho yanaunguza ngozi, na hii haikuunguza. Ilinukia tu. Harufu tamu kidogo, kali kidogo, ya jani lililokauka chini ya paa.

Lusia akahamisha mto wake. Si kwa ugomvi. Alisema, "Nakupenda wewe, ila huyo mwenzako sijatambulishwa."

Na mimi ningenyamaza nayo hivyohivyo, maana mtu wa utani akianza kusema ameingiliwa nani atamwamini? Ila siku moja akaja Zuhura.

Zuhura ni binti pekee wa Mzee Tawakali. Ameolewa huku Mitwero, ana duka la vitu vidogovidogo, mitaa miwili kutoka kwangu: sabuni, viberiti, na sigara anazouza mojamoja kutoka kwenye pakiti aliyoigeuza maandishi yaangalie ukutani, asiyaone kila saa. Alikuja ametanda khanga ya msiba, akakataa kukaa.

"Bwana Shamba, shikamoo. Nimekuja kukuomba urudi Kikole."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini?"

"Mama amekataa kukaa eda."

Lusia akaacha kuchambua mchele.

"Amekataa kabisa," Zuhura akaendelea. "Anakwenda kisimani, anakwenda dukani, amevaa khanga zake za kila siku. Anapika vya watu wawili. Mwalimu wa madrasa amekuja kumweleza, amemsikiliza vizuri, amempa chai, akamwambia: eda ni ya mume aliyekufa, wangu amesema anakuja. Mjomba Yasini amekasirika. Amesema dada yake akiendelea hivi, kwake hakanyagi tena, na akifa hamziki."

"Nani amesema anakuja?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Wewe."

Nikajaribu kucheka.

"Kila alasiri," Zuhura akasema, "anatandika mkeka wa baba barazani. Anaweka ugoro mbichi, aliousaga siku hiyohiyo, kwenye kifuniko cha kopo. Anakaa pembeni anangoja. Mimi nilikaa naye siku saba. Ikifika magharibi ugoro una kishimo katikati. Kama mtu amechota."

"Kuku," nikasema.

"Kuku gani anayenusa ugoro, Bwana Shamba?"

Hapohapo, nje msikiti ukaadhini alasiri. Sikuwahi hata kuficha uso. "Chaaa! Alhamdulillahi, Mola nijaalie na kesho."

Zuhura alirudi nyuma mpaka akagonga mlango. Ilikuwa chafya ya baba yake, aliyoisikia tangu yuko tumboni. Akajifunika mdomo kwa khanga na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

Lusia akasimama, akakung'uta pumba kwenye kitenge chake. "Kesho asubuhi mnapanda basi," akasema. "Na usirudi hapa mkiwa wawili."

*

Basi likatuacha njia panda, tukachukua bodaboda mbili mpaka Kikole. Njia nzima nilikuwa napanga utani wa kuingilia, maana mtani haingii kimyakimya. Nilipofika uani niliusahau wote.

Nyumba ilikuwa vilevile. Nilipitia nyuma kwanza, kwenye tumbaku, nadhani nilikuwa natafuta ujasiri kwenye kitu ninachokijua. Miche ilikuwa imesimama vizuri, majani mapana kama masikio ya tembo, yananata. Tumbaku ikianza kutoa maua ni lazima uikate kichwa, la sivyo nguvu yote inakwenda kwenye mbegu na majani yanakuwa karatasi. Miaka nilimhubiria Mzee Tawakali atumie kisu kikali, akakataa. Alikuwa anakata kwa ukucha wa dole gumba, mshazari, jeraha linabaki kama mdomo uliopinda. Nikainamia mche wa kwanza. Kichwa kilikuwa kimekatwa. Kwa ukucha. Mshazari. Na utomvu bado unatoka.

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Nimekata mimi," sauti ikasema nyuma yangu. Bi Mwanahija, ndoo ya maji kichwani. "Ulidhani nani? Nimemwangalia anakata tangu sijaota mvi, nisijue?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Akatua ndoo. Alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa safi kabisa, macho ya mtu mwenye akili zake zote. Akanitazama juu mpaka chini, akakitazama kidole changu cha gumba. "Umekuja peke yako, au mmekuja wawili?"

Kwa kawaida jibu la swali kama hilo ningekuwa nalo mfukoni. Nikasema ukweli. "Ndilo nililokuja kulijua, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, kama nimemwambia bei ya chumvi. "Haya. Mtakula kwanza."

Tukala ugali na samaki mkavu. Zuhura hakuweza kumeza. Nilipomaliza nikanawa, nikatoa ombi langu kwa adabu zote: nimekuja kusukutua, Mama anipe maji, aniite jina langu, nimwachie mzee aende, na yeye apate kukaa eda yake kwa heshima. Nikaomba radhi kwa kuondoka siku ile kama mwizi wa kuku.

"Maji yapo," akasema. "Ila alasiri bado. Ngoja."

Tukangoja. Adhana ikatoka. Akaingia ndani akaswali, akatoka na mkeka. Akautandika pale pale. Akaleta koti, akaleta kofia, akaweka kifuniko cha kopo na ugoro juu yake, laini, mweusimweusi, umesagwa asubuhi. Akakaa pembeni kwenye kigoda. Akanionyesha mkeka kwa kidevu.

"Kaa."

"Mama, mimi nimekuja kumtoa, si kumwingiza."

"Kaa, mwanangu."

Nikavaa koti na kofia, nikakaa.

Akawa analichezea pindo la khanga yake. Halafu akaanza kusema, haniangalii mimi wala Zuhura, anaangalia ule ugoro.

"Siku aliyokufa, alasiri kama hii, aliniomba ugoro. Zahanati walikwisha sema asiuguse, kifua kimejaa. Na wewe Zuhura ulipiga simu ukalia, mama usimpe. Nikalificha kopo kwenye pipa la mahindi. Alipopata nguvu akakaa kitandani, akasema, Mwanahija, nipe kidogo tu. Nikamwambia, kesho. Akanitazama." Akaliachia pindo. "Hakusema kitu. Akageukia ukutani. Mimi nikaenda kupika uji. Nilipokuja na uji alikuwa bado ameangalia ukutani."

Zuhura akasema, "Mama, hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unalia msibani kwa sababu yako, sikutaka kukuongezea yangu." Sasa akanigeukia. "Watu wamerudi kuzika. Naleta maji nije nikuvue. Na wewe umekaa hapo na kofia yake, unasema kwa sauti yake, kesho alasiri nakuja kuuchukua."

Sikuwa na pa kuweka uso. Watu wote wa Kikole walikuwa wamecheka, na mimi nilikuwa nimeona kata inatikisika, nikaona, halafu nikapokea simu.

"Mama, Mungu ni shahidi, mimi sikujua."

"Najua hukujua," akasema. "Ndiyo maana nilijua si wewe."

Jogoo akapita uani, akasimama, akauangalia ugoro, akaondoka zake. Hata yeye hakuutaka.

"Nikikupa maji ataondoka," akasema Bi Mwanahija. "Sheria naijua. Eda naijua vilevile, si mwehu, Yasini aache kuwaambia watu nimepata wazimu. Ila mimi siwezi kukaa ndani miezi minne na siku kumi naangalia ukuta uleule bila kujua. Nataka jambo moja tu. Aligeukia ukutani kwa usingizi, au kwa hasira?" Akasogeza kifuniko mbele yangu. "Kweli sasa, si kwa kujifanya. Chota."

Nikamtazama Zuhura. Zuhura akanitazama. Nikakigonga kifuniko kwa ukucha, mkono wangu ulishakijua. Nikachota. Nikaweka kwenye pua ya kushoto, nikavuta.

Sijui niwaelezeje. Moto ulipanda mpaka nyuma ya macho, uani pakawa peupe. Nilitegemea chafya. Haikuja. Kikaja kitu kingine: koo langu likajibana, likawa jembamba, na mdomo wangu ukasema, kwa kunung'unika, kwa kuburuza, neno ambalo sikulipanga wala sikulifikiria:

"Magadi yamezidi."

Mimi ambaye sikuwahi kuonja ugoro. Mimi nisiyejua kama magadi yanatakiwa kijiko au ngumi.

Bi Mwanahija akajiziba mdomo kwa viganja viwili. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka, anacheka na machozi yanamwagika, anajipiga paja. "Kila siku!" akasema. "Zuhura, umesikia? Kila siku ya Mungu, hata niweke kidogo vipi! Kila siku yamezidi! Mwanamume wewe!" Zuhura naye kicheko kimemshika na kilio kimemshika, hajui aanze na kipi. Na mimi nimekaa katikati, koti la mtu mgongoni.

Kisha akainama mbele mpaka uso wake ukawa karibu na wangu. Macho yake hayakuwa yananiangalia mimi.

"Baba Zuhura," akasema polepole. "Siku ile. Ulikuwa umelala, au ulikasirika?"

Tukangoja.

Nilingoja kuliko wao wote. Nililiachia koo, nikalegeza ulimi, nikasema moyoni mzee njoo, pita, njia ni yako, mjibu huyu mama. Upepo ukapita kwenye majani ya tumbaku kule nyuma, yanakwaruzana. Mbuzi wa jirani akalia. Bi Mwanahija alikuwa hapepesi. Nikaona kile kicheko kilichokuwa kimebaki pembeni ya mdomo wake kinaondoka kidogokidogo, kama maji yanavyozama mchangani, na nikashindwa kuvumilia. Hilo nalo ni kosa, lakini ningewezaje? Uigizaji wa sauti ndiyo kazi ninayoiweza kuliko kilimo. Nikaibana sauti, nikaiburuza vizuri kabisa.

"Nilikuwa nimelala, Mwanahija. Sina kinyongo na wewe, mke wangu mpenzi."

Akarudi nyuma kwenye kigoda chake. Akanitazama, sasa mimi kweli, mimi mwenyewe.

"Huyo ni wewe, Bwana Shamba."

"Mama..."

"Maisha yake yote hajaniita mke wangu mpenzi. Angeniita hivyo ningempeleka hospitali siku hiyohiyo."

Hakusema kwa ubaya. Alinipiga kofi dogo la goti, kama unavyompiga mtoto aliyekuletea maua ya boga akidhani ni zawadi. Zuhura akapiga kicheko, kikakatika katikati. Na sisi watatu tukakaa hivyo, aibu yangu imetanda mkeka mzima, mpaka Bi Mwanahija akajishika magoti na kuinuka.

Alikwenda mtungini, akarudi na kata. Maji hayakutikisika.

"Hakuwa mtu wa kujibu," akasema. "Hata akiwa mzima. Unamuuliza swali Jumatatu, anakujibu kwa kuonja mboga. Sukutua."

"Mama, kama unataka nibaki, nitabaki. Nitakuja alasiri nyingine. Huenda..."

"Una mke, Nikodemu wa watu. Sukutua."

Nikasukutua. Nikatoka mpaka nje ya uzio nikatema. Maji yalitoka meusi kidogo, ya ugoro bila shaka, ugoro tu. Niliposimama wima akaniita kutoka barazani, kwa sauti ya kusikika nyumba tatu, sauti ya mwenye msiba.

"Nikodemu!"

"Naam!"

"Nikodemu!"

"Naam, Mama!"

"Haya. Rudi uvue koti."

Kikaondoka kitu. Sisemi niliona moshi wala kivuli. Ila pua ilifunguka, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikasikia harufu za dunia zote kwa pamoja: kuni, mbuzi, samaki mkavu, vumbi. Ugoro nao ulikuwepo pale kwenye kifuniko, unanukia kwa mbali, kama kitu cha mtu mwingine. Nikakitazama kidole changu. Ukucha ulikuwa ukucha.

Ningepaswa kufurahi, na nilifurahi, sitasema uongo. Nilimfikiria Lusia na mto wake. Lakini nilipogeuka nikaiona baraza, nikaona imekuwa tupu kuliko nilivyoikuta.

Bi Mwanahija akamwambia Zuhura aingie ndani amtolee shuka jeupe la eda, amtandikie chumbani, na ampigie Yasini simu amwambie dada yake ameingia ndani, aache maneno. Zuhura akaingia mbio, kama anaogopa mama yake atabadili mawazo. Mimi nikavua koti, nikalikunja. Nilikuwa nimeshikilia kofia, natafuta pa kuiweka, nilipomwona Bi Mwanahija hajaingia. Alikuwa kwenye ukuta wa chumba chao, kwa nje, upande ule ambao kwa ndani kuna kitanda. Ukuta wa udongo, wenye alama za mvua za mwaka jana. Ameweka kiganja pale, usawa wa mtu aliyelala, na paji la uso karibu na kiganja.

"Tawakali," akaita.

Sijawahi kumsikia akimtaja jina. Mke wa enzi zao hamwiti mume wake jina. Alikuwa Baba Zuhura, alikuwa mwenzangu, alikuwa yule.

"Tawakali. Siku ile ulikuwa umelala?"

Jua lilikuwa bado juu. Kwa ndani nilisikia Zuhura anakung'uta shuka. Nikabana mdomo, nikaubana kwa mkono na kofia yenyewe, nisije nikamsaidia tena. Akangoja, akasogeza kiganja kidogo ukutani kama anayetafuta mahali penye ufa, akasema tena, polepole, kwa sauti ya mtu anayeomba maji:

"Niambie tu kwamba ulikuwa umelala."